Pacha Aliyetiwa Zebaki

Doto mwanangu,

Nimekuomba usiifungue barua hii mpaka treni iwe imetoka Tabora, na kwa kuwa nakujua, naamini umeifungua Isaka, kabla mizigo haijapakiwa. Kama ndivyo, ikunje uirudishe mfukoni. Yaliyomo hayamfai mtu ambaye bado anaweza kushuka na kutafuta lori la kurudi nyumbani.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za chakula, wala za kusali. Hayo ulifundishwa bwenini na masista, na kama hukuyashika kwa fimbo yao hutayashika kwa kalamu yangu. Hata Kiswahili chako cha Mlimani nitakiacha leo, ingawa barua yako ya mwisho ilinitia aibu mbele ya karani wa posta aliyenisomea miwani yangu ilipovunjika.

Najua kilichokunyima usingizi wiki hii. Wakwe wa dada yako wanasema kwamba Bibi ndiye aliyemloga Kulwa, na wewe unaamini kwamba ukiisha kuondoka watamwua. Mimi pia naamini hivyo. Sikuambii uongo ili uende kwa amani. Nakuandikia ili ujue kwa nini ilinibidi nikuache uende, na nimefanya nini kuhusu Bibi. Lakini nikianza na mwisho hutanielewa, maana jambo hili lilianza na makosa yangu mwenyewe, katika chumba ambacho wewe ulikijua kwa nje tu.

Mlikuwa hamjazaliwa nilipoanza kazi katika chumba cha eksirei cha hospitali ya misheni. Kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa blanketi jeusi. Watu waliingia wakiwa na majina, wakavua mashati, wakashika pumzi, wakaenda zao. Baadaye, katika chumba cha giza, niliwaona wakitokea tena polepole ndani ya maji ya dawa: kwanza mbavu, halafu uti wa mgongo, halafu kivuli cha moyo. Hawakuwa na nyuso. Niliwazoea hivyo mpaka nikawa nawatambua sokoni kwa namna walivyobeba mabega. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyenisalimia kila Jumapili baada ya misa, mcheshi, mwenye sauti kubwa. Nilimwitika nikijua kwamba mwakani hatakuwepo, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuliona pafu lake likining'inia kwenye kamba kama nguo iliyofuliwa.

Sista aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi: kilicho kizito ndicho kionekanacho. Nyama ni nyepesi, mionzi huipita kama mtu anayepita mlango ulio wazi. Mfupa ni mzito kidogo, huisimamisha. Risasi huizuia kabisa. Kwa hiyo tulipotaka kuliona tumbo, ambalo ni jepesi, tulimnywesha mgonjwa uji mweupe wa bariamu, na uji ule ndio ulioonekana, ukichora umbo la tumbo kwa ndani. Mzee mmoja kutoka Ushetu alikitazama kikombe, akaniuliza:

"Mama, uji huu utaniponya?"

"Hautakuponya, baba. Utakuonyesha."

"Kumbe mnanilisha taa," akasema, akaunywa wote.

Nilicheka wakati ule. Sasa nikikumbuka sicheki, maana mzee yule alikuwa ameielewa kazi yangu kuliko mimi. Nilidhani kwamba namwona mgonjwa. Nilikuwa naiona taa aliyolishwa.

Mlipozaliwa, Kulwa kwanza na wewe nyuma yake, Bibi, mama mkwe wangu, alitaka mfanyiwe mila zote za mabasa, kama pacha waitwavyo kwao. Nilikataa. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na rozari, nilijiona nimemaliza. Bibi hakugombana nami. Alikaa mlangoni akawatazama mmelala, akaniita mama kwa lugha yake: "Mayu, hawa ni mtu mmoja aliyekuja mara mbili. Ukimgusa mmoja, angalia mwenzake." Nikamjibu kwa ukali kwamba ni watu wawili waliobatizwa kwa majina mawili. Lakini mimi mwenyewe nilishindwa kuwatofautisha. Mlipougua kifua mkiwa wadogo, niliwapiga picha nyote wawili, na kama ilivyo kawaida ya kazi ilinipasa kuweka herufi ya risasi pembeni ya bega, K kwa Kulwa, D kwa Doto, ili itokee nyeupe kwenye filamu. Nilisahau. Nilipozitoa filamu majini nilikuwa na vifua viwili visivyo na tofauti hata ya ubavu mmoja, isipokuwa kimoja kilikuwa na doa. Sikuweza kujua ni cha nani. Mlichomwa sindano nyote wawili kwa miezi, na hadi leo Kulwa hudai kwamba alichomwa zako.

Hilo nililihesabu kuwa kosa dogo. Nilinunua herufi mpya, nikazifunga kwa uzi kwenye mfuko wa koti langu, nisisahau tena. Nilijifunza kuweka alama. Sikujifunza kwamba picha moja peke yake haina la kusema.

Mtihani wa darasa la saba ulimchukua mmoja. Hilo si kosa langu wala lako, ingawa najua hujajisamehe. Wewe ulienda bwenini, Kulwa akabaki, akaolewa na Masanja mwana wa mzee Nkwabi, wakaenda machimboni Geita, kule ambako mgodi wa zamani ulifungwa na watu wakaanza kuchimba wenyewe kwa sululu. Masanja alishuka shimoni. Kulwa alisaga mawe, akaosha mchanga kwenye karai, akaisugua zebaki kwa mikono mitupu mpaka ikaikamata dhahabu, akalikamua donge kwa kitambaa. Halafu alilichoma. Wanawake wote wa kule wanalichoma vivyo hivyo, mwanangu: ndani ya kibanda, juu ya jiko la kupikia, mlango umefungwa na nyufa zimezibwa kwa matambara, ili majirani wasijue nani kapata. Kulwa aliniambia kwamba lilikuwa zuri kulitazama. Donge jeupe linapauka, linatetema, halafu njano inatokea ndani yake kama alfajiri. Alikuwa akiinama karibu ili asiikose njano hiyo inapoanza. Moshi wake hauna rangi, hauna harufu. Baada ya hapo aliinjika chungu, akapika ugali.

Alipokuja kwangu hospitalini ulikuwa mwaka wako wa kwanza chuoni. Alisema mikono haimtii. Ufizi ulikuwa mweusi. Hakulala. Na jambo lililonitisha kuliko yote ni kwamba aliona haya. Kulwa, aliyekuwa akimtania padre! Akisikia hatua za mtu alijibanza nyuma ya kabati. Mtu akimtazama, alifunika uso kwa khanga na kutokwa jasho. Nilimkemea. Nilimwambia asimame wima kama mtu aliyelelewa.

Nilimpiga picha mimi mwenyewe. Kifua, tumbo, mikono yote miwili. Niliziweka herufi za risasi, sikusahau. Nikazisafisha, nikazikausha, nikazitundika mbele ya taa. Nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba zebaki ni nzito kuliko risasi. Nikafikiri, basi kama iko ndani yake, itang'aa.

Picha zilikuwa safi. Sijawahi kuona picha safi kama zile. Mifupa ya mwanangu ilikuwa imepangika kama mstari wa chapa.

"Nina nini, Mama?" akaniuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Huna kitu."

Nilisikia vifungo vya blauzi vikigongana na kucha zake, maana alikuwa akijaribu kuvifunga. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu aulizaye njia:

"Basi anayetetemeka ni nani?"

Nilimpa kapu la michembe, viazi vilivyokaushwa, na nauli, nikamrudisha Geita. Doto, hilo ndilo kosa langu. Nilikuwa na macho yaliyofundishwa, nilikuwa na mashine, na nilimrudisha mwanangu kwenye kibanda chenye mlango uliofungwa kwa sababu filamu ilikuwa safi. Sikujua, na hakuna aliyenifundisha, kwamba sumu ikienea nyembamba mwilini mzima haitoi kivuli. Mashine yangu iliweza kuona kitu kizito kilichokaa pamoja. Haikuweza kukiona kilichogawanyika ndani ya damu. Alikaa kule msimu mwingine mzima, mpaka Masanja alipomleta nyumbani kwa mzee Nkwabi akiwa hawezi kushika kikombe.

Ndipo ulipokuja wewe na habari za kwenda ng'ambo.

Nilikuwa nimemchukua Kulwa kwa wakwe zake nimwuguze, na unakumbuka tulivyokaa uani, wewe, yeye, Bibi na mimi, tukila maharage, nami nikakutaka unieleze kwa maneno ya watu utakwenda kusoma nini. Nilipenda ulivyoanza, bila madoido. Ulisema kwamba kuna asidi katika kiini cha kila chembe ya mwili, nayo ndiyo ibebayo urithi wa mzazi kwenda kwa mtoto. Kwamba mnataka kujua umbo lake hasa, atomu kwa atomu. Kwamba mnaikuza iwe fuwele, kama chumvi inavyokuwa punje, mnaipiga eksirei, na filamu inarudi ikiwa na madoa mengi yaliyopangika.

"Shida, Mama, madoa yanatuambia nguvu ya kila mwale tu. Hayatuambii mawimbi yalifika yakiwa katika hatua gani, lipi likipanda na lipi likishuka. Nusu ya habari inapotea njiani."

"Usomi wote huo na bado mnapoteza nusu njiani?" akasema Kulwa. "Hata mimi niliyefeli ningefikisha mzigo mzima."

"Ndiyo maana tunaitia kitu kizito. Asidi yenyewe ni nyepesi mno. Tunachukua fuwele mbili zinazofanana. Moja tunaiacha ilivyo. Nyingine tunaitia zebaki, au bromini. Tunapiga picha zote mbili, na tofauti kati ya picha hizo ndiyo inayotuonyesha kizito kimekaa wapi. Tukijua hapo, tunaanza kuhesabu vingine vyote."

"Zinazofanana sana?" akauliza Kulwa.

"Kabisa. Zikitofautiana kwa jambo lingine lolote, hesabu inaharibika."

Kulwa alikuwa ameshika kijiko, na maharage yalikuwa yakidondoka moja moja juu ya gauni lake. Akakitazama kijiko kile. Akacheka, kicheko chake cha zamani, ambacho hatukuwa tumekisikia tangu aende machimboni.

"Basi mimi ndiye niliyetiwa zebaki," akasema. "Wewe ndiye uliyeachwa ulivyo. Mama, haya, tupige picha."

Bibi peke yake ndiye aliyecheka naye, kwa sababu hakuwa amesikia vizuri. Nami nikawatazama, mmoja halafu mwingine, kama nilivyokuwa nikitazama filamu mbili mbele ya taa. Uso mmoja ulikuwa umekaa pale mara mbili. Kisha nikaanza kuona. Kope la kushoto la Kulwa lilikuwa likirukaruka, lako lilitulia. Mdomo wake ulikuwa ukicheza kabla hajasema, wako ulingoja. Vidole vyake, shingo yake, hata namna macho yake yalivyokimbia kitu kikisogea. Kila mahali ambapo wewe ulikuwa umetulia na yeye hakutulia, zebaki ilikuwa pale. Niliiona ilivyokaa mwilini mwake kama iliyochorwa kwa chokaa. Nilikuwa na picha yake safi ndani ya kabati hospitalini, na huku mbele yangu, kwenye mwanga wa mchana, bila mashine, alikuwa ameandikwa sumu kuanzia kope hadi kucha. Nilikuwa nimekosa kitu kimoja tu: mwenzake wa kumlinganisha naye.

Kesho yake ulimkata Kulwa nywele, ukajikata na zako, ukazifunga kila moja katika karatasi yake, maana ulisema kwamba huko uendako wapo wanaoweza kuipima zebaki ndani ya unywele. Nakusihi usizichanganye. Nami nasema hivi kama mtu aliyewahi kusahau herufi.

Siku nyingine, tulipokuwa tukibangua karanga, ulinieleza habari za bromini, na maneno yale hayakuniacha. Ulisema kwamba zebaki ikitiwa katika fuwele huweza kuipinda, ikawa si ileile tena, na ulinganifu ukafa. Bromini ni mpole zaidi. Katika mnyororo ule wa asidi kuna kiungo chenye kitawi kidogo cha kaboni; kitawi kinaondolewa, na bromini inawekwa mahali pake tangu mnyororo unapotengenezwa, kwa kuwa unene wake unakaribiana na wa kitawi.

"Na mnyororo unafanyaje?" nikakuuliza.

"Unajikunja kama kawaida. Haujui."

"Haujui kabisa kwamba mgeni amekaa mahali pa mwenyeji?"

"Mara nyingi haujui, Mama. Ndiyo uzuri wake. Ila mionzi ileile tunayoitumia kuiona ndiyo inayoing'oa kidogo kidogo. Tukichelewa, picha inaharibika."

Uliendelea kubangua karanga. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya mgeni anayekaa mahali pa mwenyeji, nyumba nzima ikajikunja kumzunguka bila kujua, na juu ya watu wanaotazama haraka kabla hajang'oka. Sikujua kwamba nitahitaji jambo hilo kabla yako.

Sasa nifike kwa mzee Nkwabi. Wewe umemchukia, mimi nakuomba usimchukie. Alimwona mke wa mwanawe akitetemeka, akampeleka kwa mfumu, mganga apigaye ramli. Kulwa aliambiwa atemee mate ndani ya mdomo wa kifaranga, ili kilicho ndani yake kiingie ndani ya kile. Kifaranga kikapasuliwa, mfumu akasoma. Akaona doa jekundu chini ya bawa, upande wa nyumbani alikozaliwa Kulwa. Akasema: ni mwanamke, ni mzee, macho yake mekundu. Nani katika nyumba yetu ana macho mekundu? Bibi, aliyepulizia moto wa samadi maisha yake yote.

Sitamcheka mfumu yule. Alitia kitu ndani ya mwili mwepesi ili aone kisichoonekana. Ndivyo nilivyofanya kwa bariamu, ndivyo utakavyofanya kwa bromini. Alitazama picha moja akiwa anajua tayari anachokitafuta, akakiona. Mimi nilitazama picha moja nikiamini mashine, nikaona hakuna. Yeye amemhukumu Bibi, mimi nilimhukumu Kulwa. Ikiwa kuna neno la mzazi katika barua hii, ni hilo tu: siku utakapokuwa na picha nzuri mezani, na walimu wako wanakupigia makofi, itafute ile nyingine.

Jumapili mzee Nkwabi alikuja na watu wake. Wewe ulikuwa kisimani, na nilikuficha nusu ya maneno yao. Aliketi, akakataa maji. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu:

"Mama Kulwa, hatuna ugomvi nawe. Tunamheshimu msomi wenu. Hatutaki aone. Tunamngoja aondoke."

"Kisha?"

"Kisha nyumba itasafishwa."

Bibi alikuwa amekaa kizingitini akichambua mboga. Akainua macho yake yale.

"Nkwabi, mimi nilikutahiri kwa maneno ulipokuwa ukiiba mihogo yangu. Kama ningekuwa mchawi ningeanza na wewe wakati ule, ukiwa bado mtamu."

Mmoja wa vijana alicheka, akajizuia. Nkwabi hakucheka. Alisimama, akamuaga Bibi kwa Kisukuma kwa heshima zote, kama mtu anavyoaga mahali penye msiba. Nilielewa kwamba kwake yeye Bibi alikuwa amekwisha kufa, na kilichobaki ni siku.

Tangu hapo umeona mwenyewe. Bibi anakwenda barabarani, anasema "Mwadila!" kwa kila apitaye, na hakuna anayeitika. Hawamtukani. Wanamtazama kama mtu anavyotazama mahali ambapo kiti kilikuwa. Watoto wanapofika mbele ya ua wetu wanaacha kuimba, wakishapita wanaendelea kutoka neno lilelile. Na juzi tulimkuta mbwa wetu amefungwa kamba kwenye nguzo, mzima, hakuumizwa, uso wake umeelekezwa mlangoni kwetu. Wewe ulimfungua ukasema ni utundu wa wachunga ng'ombe. Sivyo. Ni namna ya kutuambia kwamba wanajua mlango ni upi.

Ulisema basi hutakwenda. Ulisema kwamba ukiwapo hawatafanya kitu. Ni kweli, wasingefanya. Wangengoja. Wangekungoja mwaka, wangekungoja miwili, na wewe ungekaa uani ukiwa kufuli la mlango wa Bibi, huku nywele za dada yako zikiwa ndani ya karatasi bila kupimwa, na kule Geita wanawake wengine wakiziba nyufa za vibanda na kuinama juu ya jiko. Bibi mwenyewe ndiye aliyelikataa jambo hilo. "Mimi nimekula chumvi," akaniambia. "Asinitumie kama kisingizio cha kuogopa baridi." Kwa hiyo tulipanga, sisi watatu: Bibi, Kulwa na mimi. Hatukukuambia, kwa kuwa usingekubali.

Uliniuliza kwa nini niliwatangazia watu kanisani kwamba utaondoka Jumatatu, wakati tikiti yako ni ya kesho Ijumaa. Ulidhani nimezeeka nachanganya siku. Sijachanganya. Kesho utatoka kabla ya mapambazuko kwa njia ya mashamba ya tumbaku, na lori litakupakia barabarani. Nimemwomba dereva asipige honi. Hakuna atakayekuona ukitoka.

Saa za asubuhi gari la misheni litapita kama lipitavyo kila Ijumaa kuchukua wagonjwa. Bibi atalala ndani yake miongoni mwao, amefunikwa shuka. Wakati unasoma haya, kama umenitii, yuko kwa ndugu zangu Buseresere, ambako hakuna anayeyajua macho yake, na pengine amekwisha kugombana nao juu ya mboga.

Lakini gari likipita, na watu wa Nkwabi wakasikia kwamba msomi hayupo, wangelifuata. Kwa hiyo ilihitajika usiwe umeondoka.

Kulwa alijitolea mwenyewe. Aliyesema kwa miaka hii kwamba hawezi kutazamwa, alikuja chumbani kwangu akasema, "Nitakaa uani siku nzima. Wanitazame wanavyotaka. Kulwa watadhani kajibanza ndani kama kawaida yake." Nilimwambia kwamba watamjua kwa mikono. Akaniambia, "Mama, nipe ungo. Anayepepeta hutikisika."

Tulijaribu leo mchana ulipokwenda kuaga kwa padre. Nilimvalisha gauni lako la buluu, lile ulilonisihi nikutafutie na ambalo hutalikuta sandukuni. Nilimfunga kitambaa kichwani kama ufungavyo wewe. Akaketi penye kivuli, akaanza kupepeta mtama. Nilisimama mlangoni nikamtazama kwa jicho la kazi yangu, nikimtafuta. Mikono ilikuwa ikitikisika na ungo, bega likitikisika na mikono. Kope sikuliona, kwa sababu ya makapi. Jirani akapita na ndoo kichwani.

"Doto, hujambo?"

"Sijambo, shikamoo shangazi."

"Marahaba. Jumatatu karibu, eh?"

"Karibu sana."

Jirani akaenda zake. Kulwa hakuinua uso. Nami, niliyemzaa, niliyemvika gauni lile kwa mikono yangu, kwa kitambo sikujua nimemkalisha nani pale uani.

Kwa hiyo usishuke. Kuna watu watapita kesho mchana kutwa, na mzee Nkwabi mwenyewe atapita, wakilitazama ua letu. Watakusalimu kwa jina lako, nawe utawaitika. Ukirudi, wataona Doto wawili, na Bibi atakuwa hana hata mmoja wa kumkinga.

Nenda, mwanangu. Huku nyumbani bado upo.

Mimi,
Mama yenu